Jenerali wa Kijapani aliyegoma Burma alikuwa nani, na jeshi lake lilimfanya nini?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Marehemu babu yangu alikuwa askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza Afrika Mashariki), batalioni ya 36, akapigana Burma mwaka 1944. Alikuwa akitusimulia kwamba waliingia mji uitwao Tamu wakakuta Wajapani wamejifia wenyewe, hawana tundu la risasi, wamebaki mifupa. Kila mara alimalizia hivi: "Mkubwa wao aliwaleta bila posho." Tena alisema walisikia kwamba kuna mkubwa mwingine wa Kijapani aliyegoma. Je, ni kweli? Alikuwa nani, alifikaje hapo, na wenzake walimfanya nini?

Jibu: Marahaba. Babu yako aliwasimulia kweli tupu. Aliyewaleta bila posho ni Luteni Jenerali Mutaguchi Renya, kamanda wa Jeshi la 15 la Japani nchini Burma. Aliyegoma ni Luteni Jenerali Sato Kotoku, kamanda wa Divisheni ya 31 iliyokuwa chini ya huyo Mutaguchi. (Wajapani hutanguliza jina la ukoo, nami nimefuata desturi yao.) Tarehe 31 Mei 1944 Sato alianza kuiondoa divisheni yake Kohima, mji wa India karibu na mpaka wa Burma, mbele ya adui, huku amri ya kubaki ikiwa mezani kwake. Hakuna kamanda wa divisheni wa Japani aliyewahi kufanya jambo hilo kabla yake.

Lakini nikikuambia tu kwamba alikataa amri, nitakuwa nimekupa nusu ya habari. Nusu ya pili iko nyuma, katika miaka ya 1937 na 1938, na bila hiyo hutaelewa kwa nini mwisho wake ulikuwa vile.

Sato alizaliwa mwaka 1893 mkoa wa Yamagata, kaskazini mwa kisiwa kikuu cha Japani. Alihitimu chuo cha maofisa mwaka 1913, kisha chuo cha juu cha vita mwaka 1921. Hiyo ndiyo ilikuwa njia ya kila aliyetaka kufika juu. Mwaka 1938 alikuwa kanali, kamanda wa Rejimenti ya 75, kwenye pembe ambapo Korea, wakati huo koloni la Japani, ilipakana na Urusi ya Kisovieti. Palikuwa na kilima kiitwacho Changkufeng, karibu na ziwa Khasan. Mwezi Julai Warusi walipanda kilimani wakachimba mahandaki. Majenerali wa Japani walitaka wapigwe. Mfalme Hirohito hakutaka. Alimkaripia waziri wake wa vita, akasema asisogezwe hata askari mmoja bila amri yake.

Usiku wa tarehe 30 kuamkia 31 Julai, askari wa Sato walipanda kilima kile kimyakimya, singe mbele, na kabla hakujakucha kilikuwa mikononi mwao. Ruhusa ilitoka kwa kamanda wa divisheni yake tu, Suetaka Kamezo. Tokyo iliambiwa baadaye, kazi ikiwa imekwisha. Warusi wakajibu kwa ndege, vifaru na mizinga kwa zaidi ya juma zima. Tarehe 11 Agosti mapigano yaliposimama, rejimenti ya Sato ilikuwa imepoteza karibu nusu ya watu wake, waliokufa na waliojeruhiwa, na kilima chenyewe hakikubaki kwa Wajapani. Nani alishtakiwa kwa kuidharau kauli ya Mfalme? Hakuna. Sato akapandishwa cheo.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, Julai 1937, kanali mwingine alikuwa karibu na Beijing, kwenye daraja la mawe liitwalo Lugouqiao, ambalo Wazungu waliliita daraja la Marco Polo. Risasi zilisikika usiku, na alfajiri ya tarehe 8 kanali yule akaruhusu batalioni yake ishambulie Wachina bila kungoja idhini ya juu. Kutoka hapo vikaanza vita vya Japani na China vilivyodumu miaka minane. Kanali yule ni Mutaguchi. Na kamanda wa brigedi yake, aliyefika akakuta mambo yameshaharibika akayakubali, ni Kawabe Masakazu. Lishike jina hilo, tutamkuta tena Burma.

Wajapani wana neno *gekokujo*, maana yake walio chini kuwapanda kichwani walio juu. Katika jeshi lao la miaka ya 1930 ilikuwa karibu desturi: ofisa anaanzisha vita, wakubwa wanaunga mkono wasipate aibu. Kwa hiyo usidhani kwamba jeshi lile halikujua ukaidi. Lilijua sana, na lilimsamehe kila mkaidi aliyekwenda mbele. Aliyerudi nyuma kwa uamuzi wake, huyo hakuwa na msamaha.

Kati ya Sato na Mutaguchi palikuwa pia na chuki ya zamani. Jeshi liligawanyika makundi mawili yaliyopigana vikumbo vya siasa, na wao walikuwa pande tofauti. Kuna waandishi wanaoieleza habari yote ya Kohima kwa ugomvi huo. Mimi naona ni kuipunguza mno. Chuki haijazi gunia la mchele wala hailimalizi.

Tuje Burma. Mwanzoni mwa 1944 Mutaguchi alitaka kuvuka mto Chindwin, apite milima ya mpakani, aingie India, auteke mji wa Imphal uliokuwa ghala kuu la Waingereza. Alikuwa na divisheni tatu: ya 15, ya 31 na ya 33. Sato, aliyepewa ile ya 31 ilipoundwa Bangkok mwaka 1943, alitakiwa akate barabara kaskazini mwa Imphal, kwenye mji mdogo wa Kohima, katika milima ya Wanaga, wenyeji wa eneo lile la mpakani. Kutoka Chindwin hadi Kohima ni kama kilomita 160, lakini hiyo ni kilomita ya kwenye ramani. Kwa miguu ni kupanda na kushuka milima inayozidi mita 2,000, msitu mtupu, njia za mbuzi.

Na chakula? Hapa ndipo maneno ya babu yako yanapoingia. Kila askari alibeba chakula cha wiki tatu, pamoja na risasi na bunduki, mzigo unaozidi kilo 40. Baada ya wiki tatu wangekula vya Waingereza, kwa kuwa Imphal ingekuwa imeshatekwa. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu nzima. Mnadhimu mkuu wa Mutaguchi, Obata Nobuyoshi, mtu aliyebobea katika usafirishaji, alisema wazi kwamba haiwezekani kuwalisha watu kupita milima ile. Akaondolewa kazini. Mutaguchi akaleta wazo lake mwenyewe, alilojifunza eti kwa Genghis Khan: waswage maelfu ya ng'ombe pamoja na jeshi, wabebe mizigo, na wakimaliza kubeba waliwe.

Mtu yeyote aliyewahi kuchunga atajua palipo kosa. Walikuwa ng'ombe wa kulima mashamba ya mpunga ya Burma, hawakuzoea mizigo mgongoni wala njia za milimani. Chindwin ulivukwa usiku, kwa kuogopa ndege. Ng'ombe walitiwa majini gizani, kwenye mto mpana wenye mkondo mkali; wengine wakasombwa, wengine wakageuza shingo kurudi ng'ambo walikotoka, na mizigo waliyofungwa ikawazamisha. Waliovuka wakaanza kuanguka kwenye makorongo. Jeshi lilipoteza nyama na wapagazi kwa mkupuo mmoja, kabla halijamwona adui.

Sato aliyaona yote hayo mapema. Kabla ya kuondoka aliwakusanya maofisa wake akawaambia wasijidanganye: isipokuwa kwa muujiza, wengi wao watakufa, na si kwa risasi tu, watakufa kwa njaa milimani. Aliwadai makao makuu ya Jeshi la 15 ahadi kwamba watamletea chakula, wakamwahidi. Moja ya rejimenti zake tatu, ya 124, ilikuwa imenusurika kwa taabu katika kisiwa cha Guadalcanal, ambako njaa iliua Wajapani kwa maelfu mwaka 1942 na 1943. Wale askari hawakuhitaji kuelezwa njaa ni nini.

Tarehe 15 Machi 1944 wakavuka. Kwanza walichelewa kijiji cha Sangshak, ambako brigedi ya askari wa miavuli wa jeshi la India iliwashikilia hadi tarehe 26. Usiku wa kuamkia 4 Aprili wakafika Kohima. Waliokuwa wakiilinda walikuwa wachache mno, wapiganaji kama 1,500 mbele ya divisheni nzima: batalioni moja ya Waingereza, askari wa Assam, na wengine waliookotwa hospitalini na kwenye maghala. Walibanwa juu ya tuta moja hadi majeshi yakatenganishwa na uwanja wa tenisi wa nyumba ya mkuu wa wilaya. Upande huu wa uwanja Waingereza, upande ule Wajapani, wakirushiana mabomu ya mkono mahali palipochezewa mpira. Walinzi wale walishikilia kwa wiki mbili hadi wakafikiwa na msaada, kisha ikaja divisheni nzima ya Waingereza yenye mizinga, vifaru na ndege za kudondosha chakula.

Mkuu wa majeshi ya Waingereza upande ule, Jenerali William Slim, alimwona Sato kuwa mtu asiyethubutu. Aliona kwamba angewaacha wachache pale Kohima na kuteremka haraka Dimapur, penye reli na maghala makubwa, Waingereza wangepata pigo kubwa. Alifika mahali pa kuwazuia marubani wasiyapige makao ya Sato, kwa sababu aliona kumwacha hai ni faida. Hukumu hiyo imerudiwa sana. Mimi siikubali moja kwa moja. Mutaguchi aliwahi kuagiza watu wasonge Dimapur, na amri hiyo ikafutwa na bosi wake mwenyewe, Kawabe, yule wa darajani, ambaye sasa alikuwa mkuu wa majeshi yote ya Japani nchini Burma. Halafu jiulize: askari aliyemaliza chakula chake angeshuka Dimapur kwa nguvu gani?

Aprili ikaisha, Mei ikaingia. Upepo wa kusi, huu huu unaoleta masika kwetu na kusukuma majahazi kwenda kaskazini, ukifika milima ya Assam na Burma humwaga mvua ambayo huku hatuijui. Njia zikawa mito ya matope. Malaria, kuhara damu, beriberi. Divisheni ya 31 haikuwa imeletewa chakula cha maana tangu ivuke mto. Walikula mpunga na mifugo ya vijiji vya Wanaga, na hili nalisema kwa uzito, kwa sababu Wanaga hawakumwalika mtu yeyote vitani. Waliporwa akiba yao na vijiji vyao vikachomwa moto kati ya majeshi mawili ya wageni. Sato aliyewahurumia askari wake ndiye huyo huyo aliyekula maghala ya watu wale.

Akaanza kupeleka simu za upepo. Hana chakula, hana risasi. Tarehe 25 Mei akatoa taarifa kwamba ataondoka Kohima ifikapo tarehe 1 Juni. Mutaguchi akamjibu kwamba haelewi vipi divisheni yenye sifa kubwa itoke kwa kisingizio cha uhaba wa chakula. Ashikilie siku 10 nyingine, nia thabiti hata miungu huipisha. Akamtishia mahakama ya kijeshi. Sato akamrudishia kwamba afanye apendavyo, na kwamba wakienda mahakamani watakwenda wote wawili. Katika ujumbe wake wa mwisho kutoka Kohima alisema upanga umevunjika na mishale imekwisha, anaondoka akilia. Halafu akafunga redio.

Usiione kuwa ni hasira ya dakika moja. Sheria ya jeshi la Japani ilitaja adhabu ya kifo kwa kamanda anayekimbiza kikosi chake mbele ya adui bila sababu, na Sato aliijua. Alitaka kushtakiwa. Mahakamani angeulizwa kwa nini aliondoka, naye angejibu kwa hesabu: chakula kilichoahidiwa, chakula kilichofika.

Aliondoka kwa utaratibu. Alimwacha Meja Jenerali Miyazaki Shigesaburo na watu wachache, mia kadhaa tu, wawacheleweshe Waingereza barabarani huku majeruhi wakibebwa nyuma. Miyazaki aliweza kuwazuia karibu wiki tatu, mpaka tarehe 22 Juni, barabara ya Kohima hadi Imphal ilipofunguka. Wenye kumlaumu Sato wana hoja hapa, nami siifichi: kutoka kwake kuliiacha wazi Divisheni ya 15 iliyokuwa jirani, na mzingiro wa Imphal ukafa. Lakini ulikuwa mzingiro gani wakati huo? Aliyezingira ndiye aliyekuwa akifa njaa. Aliyezingirwa alikuwa akiletewa chakula kwa ndege kila siku.

Sato aliteremka Ukhrul, alikoambiwa kuna ghala. Halikuwa na kitu. Mnadhimu mkuu mpya wa Mutaguchi, Kunomura Momoyo, akatumwa kumfuata njiani na amri mpya: ageuke ashambulie Imphal. Sato akamwambia watu wake watakula kwanza, mengine baadaye. Akaendelea kushuka.

Sasa angalia kilichokuwa kikitokea huko juu siku hizo hizo, maana kwangu hapa ndipo penye aibu kuliko kote. Tarehe 6 Juni Kawabe alikwenda kumwona Mutaguchi. Wote wawili walikuwa wameshajua kwamba operesheni imekufa. Walikaa, wakazungumza, wakatazamana. Mutaguchi alieleza baadaye kwamba alitamani kusema wakati umefika wa kurudi, maneno yakamkwama kooni, akatumaini Kawabe atamsoma usoni. Kawabe naye alihisi mwenzake ana neno, hakuuliza. Wakaagana. Makanali hawa wawili wa mwaka 1937, walioweza kuanzisha vita na taifa zima kwa risasi za usiku mmoja, hawakuweza kutamka "turudi" wakiwa chumba kimoja. Amri ya kusitisha ilitoka Julai, na askari walio mbele waliambiwa warudi tarehe 8 mwezi huo.

Katika mwezi ule wa kunyamaza watu waliendelea kufa. Wajapani walioingia India walikuwa kama 85,000. Waliokufa hukadiriwa kuwa 30,000 au zaidi, wengi wao kwa njaa na maradhi. Walionusurika waliiita njia ya kurudi Barabara ya Mifupa Myeupe. Wengine walijiua kwa bomu la mkono ili wasiwacheleweshe wenzao.

Mwanzoni mwa Julai Sato alivuliwa ukamanda. Wenzake wawili walikuwa wameshaondolewa: Yanagida wa Divisheni ya 33 kwa kushauri operesheni isimame, Yamauchi wa Divisheni ya 15 akiwa mgonjwa, akafa mwezi uliofuata. Makamanda wote watatu wa divisheni, katikati ya vita moja! Na kila mmoja alikuwa ameteuliwa kwa idhini ya Mfalme mwenyewe. Kumbuka hilo, maana ndilo lililoamua hatima ya Sato. Kumshtaki jenerali wa daraja ile kungepanda hadi kwa Mfalme, na ushahidi wake ungepanda naye.

Kwa hiyo hawakumshtaki. Waliwaita madaktari. Wakampima, wakaandika kwamba akili yake ilikuwa imevurugika kwa shida za mapigano, hivyo hawezi kusimama mahakamani. Sato alisisitiza kwamba ana akili timamu, akadai kesi yake. Hakuipata. Novemba 1944 akawekwa katika jeshi la akiba, kisha akapangiwa kazi ndogo Java, halafu Japani kwenyewe. Umeona walivyofanya? Risasi ingemfanya shahidi, kesi ingemfanya shahidi wa namna nyingine, mwenye karatasi. Wazimu ulimnyang'anya maneno yake huku yeye mwenyewe akiachwa hai kuona.

Baada ya vita alisemwa vibaya na baadhi ya maofisa wenzake kwamba yeye ndiye aliyesababisha operesheni ya Imphal ishindwe. Miaka yake iliyobaki alishughulika na walionusurika na familia za waliokufa. Alifariki tarehe 26 Februari 1959. Askari wa kisiwa cha Shikoku waliokuwa chini yake walimwekea mnara wa kumbukumbu mjini Matsuyama, ambako si kwao Sato. Mutaguchi naye aliondolewa Burma, akafariki mwaka 1966, na katika miaka yake ya mwisho alikuwa akitetea kwa bidii kwamba mpango ulikuwa mzuri, walioharibu ni wa chini yake.

Limebaki jambo moja kuhusu babu yako, na ndilo lililonifanya nikujibu kwa urefu. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yenye nembo ya kifaru (yule mnyama mwenye pembe), iliingia vitani Julai na Agosti 1944 ikapewa kuwafukuza Wajapani kupitia bonde la Kabaw hadi Kalewa, walikofika mwanzoni mwa Desemba. Batalioni ya 36 ilikuwa ya Watanganyika, ndani ya Brigedi ya 26. Mwezi Agosti huko Tamu maiti za Wajapani zilikuwa kwa mamia barabarani na ndani ya nyumba, nyingine miguuni mwa sanamu za Buddha, na waliokuwa hai hawakuweza kusimama. Ndivyo alivyowasimulia.

Ila wale hawakuwa hasa watu wa Sato. Divisheni ya 31 ilirudi kwa njia za kaskazini zaidi, na ingawa nayo iliacha maiti njia nzima, ilianza safari tarehe 31 Mei. Tamu ilikuwa nyuma ya vikosi vilivyopigana upande wa Palel, watu wa Divisheni ya 33 na ya 15, ambao kamanda wao hakugoma au aliondolewa kabla hajagoma. Wao walikaa kwenye mvua siku 38 zaidi, wakingoja amri ambayo wakubwa wawili walishindwa kuitamka. Hao ndio babu yako aliowakuta.